Wiki ya Malalamiko

"Niliandika wanalia, Zamda. Sikuandika unawaliza."

"Kwani mtoto akilia kwangu, Mbaruku, watu watadhani analizwa na nani? Na cherehani yako?"

"Basi ungetaka niandike nini? Karatasi nimepewa, kalamu nimepewa, yule bwana wa kata kanisimamia kichwani kama nguzo. Niseme sina lalamiko, nikalale ndani?"

"Ungeandika juu ya choo."

"Choo ni cha serikali."

"Ungeandika juu ya mbu."

"Mbu wako chini ya Wizara. Hilo hata wewe unalijua."

"Ungeandika juu yangu basi, kwamba mimi mnene, nina mdomo, napika vitunguu vingi. Kwa nini watoto?"

Hapo mzee Mbaruku akaanza kuzungusha futi yake ya kupimia nguo shingoni. Mimi nilikuwa nimeshatoka na ungo wangu wa mchele, nimeketi kizingitini nachagua, maana ugomvi wa watu wanaopendana haufai kusikilizwa kupitia ukutani. Utakosa nusu yake.

Nikueleze, usije ukanichoka mapema. Nchi yetu, ambayo sina ruhusa ya kulitaja jina lake nikiwa nimekaa, ni nchi ya uhuru. Ili mtu yeyote asitie shaka, Mlezi Mkuu wa Taifa alitangaza kwamba kila mwaka tutakuwa na Wiki ya Malalamiko, na kila nyumba italalamika, itake isitake. Asiyelalamika atahesabiwa kuwa ana kinyongo.

Sharti lilikuwa dogo tu. Usilalamikie serikali, wala kitu ambacho serikali imefanya, haijafanya, au inakusudia kufanya. Kwa hiyo maji yakatoka. Barabara ikatoka. Hospitali, bei ya unga, giza, vyote vikatoka. Mwaka mmoja jirani yangu mmoja alilalamikia jua, akaambiwa jua ni la Idara ya Hali ya Hewa, akakaa ndani siku tatu pasipo jua lolote ili atofautishe. Baada ya kuondoa yote hayo, tukabaki na kitu kimoja tu cha kulalamikia. Tukabaki na sisi kwa sisi.

Tulifanya kwa wema. Mimi nililalamikia kuku wa Mama Siwema, Mama Siwema akalalamikia kicheko changu, tukaandika tukiwa tumekaa mkeka mmoja, tukasomeana, tukacheka hicho hicho kicheko. Malalamiko yalitiwa guniani, gunia likaenda kata, na baada ya mwezi tukayaona tena yamekunjwa koni, wauza karanga wanatuuzia karanga ndani yake. Wewe unakula karanga huku unasoma alivyokusema shemeji yako. Ilikuwa burudani yetu.

Mzee Mbaruku naye alidhani ni karanga. Aliandika jambo la kweli ambalo alifikiri halimdhuru mtu: "Watoto wa kwa Bi Zamda hulia mchana." Na katika hao watoto alikuwamo Tunu, mjukuu wake mwenyewe, wa miaka mitatu, ambaye mama yake yuko ng'ambo, analea watoto wa wenye nchi zao.

Lakini mwaka ule, kwenye mkutano wa hadhara, Mlezi Mkuu aliwageukia mawaziri akauliza, "Katika malalamiko yote, ni mangapi tumeyatatua?" Mawaziri wakatazama viatu vyao. Usiku uleule amri ikashuka kwamba lalamiko moja litatuliwe kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Gunia la kata yetu ndilo lililokuwa karibu na mlango. Mkono ukaingia, ukatoka na karatasi ya Mbaruku.

*

Sasa huyo Bi Zamda. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili na ukumbi, mlango kwa mlango na wa Mbaruku. Kina mama wa mtaa wetu wengi wanaponda kokoto machimboni. Alfajiri wanampitishia watoto, jioni wanawachukua, na katikati hapo ile nyumba inajaa kama sikukuu. Wapo wanaotambaa, wapo wanaogombea kijiko, wapo waliolala midomo wazi. Mimi napenda nyumba iliyojaa, kwa hiyo nilikuwa siishi kwenda huko.

Alikuwa hana fimbo, na sauti yake haikupanda. Adhabu yake ilikuwa moja tu. Mtoto akimpiga mwenzake, ananawa mikono, kisha anakaa anamlisha yule aliyempiga, kwa mkono wake, mpaka mwenzake aseme basi. Nimewaona wakigombana kama majogoo, na muda si muda mmoja amejaa viazi mpaka kwenye nyusi na wote wawili hawana mbavu kwa kucheka. Nilimuuliza siku moja alijifunzia wapi. Akasema, "Sikujifunza. Mkono ukiwa na chakula hauwezi kupiga."

Tume ya kulichunguza lile lalamiko ilikuja mchana, watoto wamelala.

Ilikuja na magari saba na ving'ora vyote vimewashwa, kwa heshima ya watoto. Watoto wakashtuka kutoka mkekani, wakaangua kilio kwa pamoja, na Mwenyekiti wa Tume, Mheshimiwa Chambulilo, akaingia ukumbini akakuta kilio kimepamba moto. Alikuwa mtu mzuri wa kutazama, mweupe wa kola, tumbo limetangulia kidogo kama mtoto anayejua njia. Akainua mkono. Fundi akatoa chombo cha kupimia makelele, walichoazima machimboni ambako hupimia baruti, akakielekeza kwa kichanga cha Mama Siwema. Mshale ukapanda.

"Tumejionea," akasema Mheshimiwa Chambulilo. "Lalamiko ni la kweli. Sasa tuchunguze."

Akakalishwa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Karani akafungua kalamu.

"Mama, wewe ni nani kwa hawa watoto?"

"Mlezi wao, baba."

Karani akasimama wima, na maaskari wakasimama wima, kwa sababu nchini mwetu Mlezi ni mmoja.

"Utalirekebisha hilo neno," akasema Mheshimiwa kwa upole.

"Basi ni bibi yao tu."

"Wote?"

"Wanaponiita naitika."

Karani akaandika kwamba mshukiwa ana wajukuu wengi kuliko inavyowezekana.

"Fimbo iko wapi?"

"Sina fimbo, baba."

"Imefichwa," Mheshimiwa akamwambia karani. Kisha, "Unawaadhibu kwa kitu gani, kama si fimbo?"

"Kwa chakula."

"Huwanyima chakula. Andika."

"Siwanyimi baba, nawapa."

"Huwalazimisha chakula. Andika na hilo."

Wakapekua. Walitazama chini ya mkeka, ndani ya mtungi, juu ya dari. Fimbo haikuonekana, na kwa kuwa Tume haiwezi kuchunguza matumizi mabaya ya fimbo isiyokuwapo, dereva akatumwa sokoni akanunue. Akarudi na henzirani safi, ikafungwa kibandiko, ikawa kielelezo cha kwanza. Bi Zamda akaishika akaigeuzageuza, akauliza ni ya kutundikia nini. Nasi tuliojaa mlangoni tukacheka. Mungu atusamehe, mpaka hapo tulikuwa bado tunacheka.

Ikaja zamu ya picha. Mpiga picha alitaka Mheshimiwa ambebe mtoto mmoja aliyeokolewa. Akachagua aliyenyamaza, na aliyenyamaza alikuwa Tunu, amesimama kando na kidole mdomoni, anaikagua ile kola nyeupe. Mheshimiwa akamnyanyua, akatabasamu upande wa kamera, na Tunu, ambaye hajawahi kubebwa na mtu asiyemuuliza kwanza, akamchapa kibao cha uso. Miwani ikaruka ikaingia chini ya kabati.

Bi Zamda, ambaye mdomo wake ulishazoea, na nadhani hata hakufikiri, akasema kama anavyosema kila siku, "Tunu. Umempiga mwenzio. Kanawe, umlishe."

Tunu akashuka, akanawa. Akachota boga lililopondwa kwenye sufuria, akavuka ukumbi polepole asilidondoshe, akamkuta Mheshimiwa amepiga magoti anapapasa chini ya kabati, mdomo wazi kwa kuhema. Akalitia mdomoni.

Nilikuwa karibu nao, naliona lile boga likishuka. Na naapa, uso wa yule mtu ulibadilika. Ulilegea. Kwa muda mfupi sana akawa mtoto wa mtu fulani, pale chini, bila miwani, na boga kwenye kidevu, na Tunu amemkazia macho akingoja aseme basi. Nikajiambia, huyu sasa atacheka, na yote yataisha.

Ndipo karani akainama akamnong'oneza.

Sheria ya Tume, kumbe, inasema chakula chochote apewacho mjumbe wakati wa uchunguzi ni rushwa.

*

Walijadiliana ndani ya gari, vioo vimefungwa. Walipotoka, Mheshimiwa alikuwa ameshapanguswa kidevu, na akatusomea uamuzi kwa sauti ya uwanjani.

"Rushwa imetolewa mbele ya kamera. Kisheria, rushwa lazima ishikwe na itunzwe. Lakini rushwa hii iko ndani ya Mwenyekiti, na Mwenyekiti ni chombo cha dola, hapasuliwi. Hivyo utatunzwa mkono ulioitoa, mpaka kesi iishe."

Tukawa tunatazamana. Mama Siwema akauliza, mkono gani. Karani akamwonyesha.

"Lakini mkono umeungana na mtoto," akasema Bi Zamda.

"Tumeliona hilo," akasema Mheshimiwa. "Hatutautenganisha. Serikali haina ukatili."

Mzee Mbaruku alitoka kwake mbio, futi inapepea, nyuzi zimemganda kwenye shati. "Lalamiko ni langu," akasema. "Mimi ndiye niliyeliandika. Nalirudisha. Leteni hapa, nalichana."

"Mzee, lalamiko likishapokelewa ni mali ya taifa. Kuchana mali ya taifa unajua ni nini?"

"Basi nichukueni mimi."

"Wewe ni mlalamikaji. Wewe unalindwa." Na maaskari wawili wakamlinda, mmoja kila bega, mpaka gari likaondoka na Tunu.

Tunu hakuita Babu. Aliita Bibi. Aliita mpaka kona ya machinjioni, na fundi wa kile chombo, mtu wa kazi yake, akaendelea kupima kutoka dirishani. Nasikia mshale uligota, na hilo nalo likaongezwa kwenye ushahidi dhidi ya Bi Zamda.

*

Mafanikio yalikuwa makubwa. Mlango wa Bi Zamda ulipigwa chapa nyekundu, kwamba asionekane na mtoto asiyemzaa, na yeye hakuzaa. Kina mama wakawabeba watoto kwenda nao machimboni, wakawakalisha kwenye kivuli cha lori. Kibanzi cha jiwe kikaruka kikalichukua jicho moja la mtoto wa Mama Siwema. Aliuliza aende wapi, akaambiwa kilio cha machimboni hakimo kwenye lalamiko. Mtaani kwetu mchana kukawa kimya kabisa, tukapewa cheti cha utulivu, na watu wa mitaa mingine wakaletwa kuja kutusikiliza tulivyo kimya.

Mzee Mbaruku akavikwa nishani uwanjani, Mlalamikaji Bora wa Taifa. Alikuwa na hotuba aliyoandikiwa, ya kumshukuru Mlezi Mkuu kwa malezi. Alifungua mdomo, kipaza sauti kikatoa pumzi yake tu, na watu wakapiga makofi kwa kuwa hawajapata kusikia hotuba fupi kiasi kile.

Yeye na Bi Zamda hawakusemeshana tena. Milango imetazamana, mmoja akitoka mwingine anaingia. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka na kurudisha, maana mdomo wangu hauna kazi nyingine. Namwambia Bi Zamda, mwenzio amekonda. Anasema, amekondeshwa na nani, na cherehani yake? Naenda kwa Mbaruku, namwambia mwenzio hali vizuri, anapika sufuria lilelile kubwa kisha anagawa kwa mbwa. Anasema, "Aliniambia niandike juu ya choo."

Jambo ambalo sikulipenda ni simu. Ijumaa kwa Ijumaa mama yake Tunu alipiga kutoka ng'ambo, na sisi wote uani tulikuwa tunaijua ile sauti ya mlio. Mbaruku anaipokea, anasimama katikati ya nguo za watu. "Amelala," anasema. "Ndiyo mwanangu, kala vizuri, amelala." Wiki inayofuata, amelala. Mwezi unaofuata, amelala. Mara moja nilisikia yule binti akiuliza, mbona analala sana? Mbaruku akajibu, "Anakua."

Kwa kweli alikuwa akikua. Aliwekwa kwenye Ghala Kuu la Vielelezo, kati ya baiskeli za wizi na magunia ya bangi. Mbaruku aliruhusiwa kumwona, kupitia wavu, siku za kupokea wageni. Asimguse, kwani alama za vidole vyake zingeharibu ushahidi. Mtunza ghala hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Mbaruku kwa fahari kwamba kielelezo hiki ndicho kilichotunzwa vizuri kuliko vyote, kinafutwa vumbi, hakijapungua wala hakijavunjika, na kimejifunza kutulia. Ukikiweka hapa unakikuta hapa.

"Analia?" Mbaruku akauliza.

"Mwanzoni. Sasa hakuna shida."

Aliporudi siku ile hakuwasha taa.

Wiki ya Malalamiko ilipofika tena alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kanzu amepiga pasi, nishani kaivaa. Mimi nilikuwa nyuma yake. Bwana wa kata alifurahi kumwona mshindi.

"Nalalamika," akasema Mbaruku. "Mjukuu wangu amechukuliwa."

"Na nani?"

"Mnajua na nani."

"Mzee wangu." Bwana wa kata akainama mbele, kwa huruma kabisa. "Umesahau sharti. Taja jirani. Jirani yeyote. Sema fulani ndiye aliyesababisha, nami nakupigia muhuri sasa hivi, na lalamiko lako lina jina, litashughulikiwa kabla ya mengine yote. Huenda hata kesi ikamalizwa. Yule mama wa mlango wa pili, kwa mfano. Si ndiye aliyemwambia mtoto alishe?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Mbaruku. Nilimwona akiitazama, na nilimwona akifikiri juu ya wavu ule, na mtoto nyuma yake, na kalamu hii ambayo pengine ingeufungua. Wino ukadondoka mezani.

"Sina jirani mbaya," akasema.

"Basi huna lalamiko."

"Basi sina."

Wakamweka ndani kwa kosa la kuwa na kinyongo. Alipotoka alikuwa anatembea kwa kuegemea kuta. Nilimweleza Bi Zamda neno kwa neno. Alikuwa anaosha sufuria. Alisugua palepale muda mrefu mno, kisha akaniambia nyumbani kwangu kunaungua chakula, nikaangalie. Sikuwa na chakula jikoni.

*

Miaka ikapita, kesi haikuisha. Kilichoisha ni nafasi. Ghala lilijaa, tangazo likabandikwa kwamba wenye vielelezo vya zamani waje kuvichukua, visivyochukuliwa vitateketezwa. Mbaruku alilala nje ya geti. Mbele yake kulikuwa na bwana anayedai baiskeli, akapewa fremu. Kulikuwa na mama anayedai mbuzi, akapewa kamba. Mbaruku akapewa Tunu, na karatasi ya kusaini kwamba amepokea akiwa kamili.

Walifika mtaani saa ya chakula cha mchana. Alikuwa ameondoka na meno ya utoto, karudi ameota makubwa ya mbele. Mrefu, msafi, nywele zimenyolewa, kibandiko cha namba bado kiko mkononi. Anatembea nyuma ya babu yake kwa umbali uleule, hazidishi wala hapunguzi. Watu tulitoka kila mlango. Nilikuwa nimejiandaa kupiga vigelegele, mimi ninayepiga hata kwa paka aliyezaa, lakini yule mtoto alipotupita alitutazama kama mtu anayetazama rafu za dukani, na sikuvipiga.

"Hawa ni majirani zako," Mbaruku akamwambia. "Huyu hapa alikuwa anakubeba. Unamkumbuka?"

"Hapana, Mheshimiwa," akasema Tunu.

Mbaruku akajishika ukutani. Akahangaika na kitasa cha mlango wake, ufunguo ukamwanguka, akashindwa kuinama. Tunu hakuuokota. Hakuwa ameambiwa. Alisimama pale alipowekwa, mikono imenyooka mbavuni, katikati ya ile milango miwili.

Mlango wa Bi Zamda ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, sufuria lilelile mbele yake, wali na maharage, mvuke unatoka. Ile chapa nyekundu ilikuwa bado iko juu ya kichwa chake. Nilimwona akimtazama yule mtoto kutoka unyayoni mpaka kwenye kichwa kilichonyolewa. Nilijua angelia, nikajua pia kwamba ameamua asilie, maana mtoto hamjui, na mtu usiyemjua akilia mbele yako utaogopa.

Hakumwambia mimi ni bibi yako. Hakumwita hata jina. Alivuta sahani, akapakua, akaongeza maharage, akaongea kwa sauti ile ambayo mtu anamkaribisha nayo mgeni yeyote aliyepita njia.

"Mwanangu, umekuja wakati mzuri. Chakula ndiyo kwanza kinaepuliwa. Ingia, ukae popote."

Tunu akamtazama babu yake, kuuliza kama inaruhusiwa. Mbaruku alikuwa bado anapapasa kitasa. Bi Zamda naye hakumtazama Mbaruku. Alikuwa anapakua sahani ya pili, na ya pili hiyo aliijaza zaidi.

"Na huyo babu yako," akamwambia mtoto, "mwambie aache kuhangaika na huo mlango. Mwambie aingie, ale."